Sita Kuume, Saba Kushoto

Wakutubi wenzangu wa Makadara, Kamukunji, Njiru na Embakasi, wa shule za serikali na za watu binafsi, mlioajiriwa na bodi za shule na ninyi walimu mliobebeshwa maktaba juu ya vipindi vyenu vya darasani, neno langu kwenu liko katika kitabu cha Nehemia, sura ya nane.

Kisa mnakijua. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, ukuta wa Yerusalemu umekwisha kusimama, na siku ya kwanza ya mwezi wa saba wamekusanyika katika uwanja ulio mbele ya Lango la Maji. Tazameni anayeanza ni nani. Si Ezra. Ni watu wenyewe wanaomwambia mwandishi akilete kitabu. Naye anakileta, anapanda juu ya mimbari ya mbao iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, anasoma tangu alfajiri hadi adhuhuri, na wanaume kwa wanawake na kila awezaye kufahamu wametega masikio. Wahubiri wengi huishia hapo, kwa Ezra na kitabu chake. Mimi nawaomba tuusome ule mstari tunaoupitia haraka kwa sababu umejaa majina yanayotushinda kutamka. Kando ya Ezra walisimama watu, sita mkono wake wa kuume, saba mkono wake wa kushoto. Na kati ya umati walikuwako wengine kumi na watatu pamoja na Walawi, wakiwaeleza watu maana ya yaliyosomwa mpaka wakaelewa, na walipoelewa wakalia. Majina ya hao yote yameandikwa. Ezra, kwa elimu yake yote, hakupanda pale peke yake.

Sasa nionyesheni mkutubi wa shule katika Eastlands aliye na watu sita kuume na saba kushoto.

Hayupo! Tuko wengi, na kila mmoja wetu yuko pekee. Nimeingia katika maktaba za shule zetu, na nitawaeleza moja bila kuitaja. Chumba kiko mwisho wa ghorofa, ufunguo umetundikwa kwenye msumari ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu. Ukiingia unakutana na makatoni ya vitabu vya kiada vilivyoletwa na serikali, mengine bado yamefungwa, yamepangwa hadi yakaziba nusu ya dirisha. Nyuma ya makatoni kuna rafu mbili za hadithi. Pale nilimkuta mkutubi, dada mwenye diploma yake safi, ameketi na sindano ya magunia, uzi wa nailoni na mkebe wa gundi, anashona kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limeshikwa na selotepu tabaka juu ya tabaka. Alikuwa akitoboa matundu matano kwenye mkunjo kwa ncha ya msumari, anapitisha uzi, anarudi nao, anakaza, kisha fundo analificha kwa ndani lisije likamkwaruza mtoto kidole. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, aliwaza tu mwenyewe. Ndugu zangu, ng'ambo ya pili ya Jogoo Road kuna mzee aliyefanya kazi hiyo miaka mingi katika shule nyingine, ambaye kwa muda wa kitabu kimoja cha yule dada hushona vitatu. Hawajawahi kuonana. Mzee huyo atastaafu, ataenda nyumbani ushago, na ujuzi wake utapanda basi pamoja naye.

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Umaskini wa rafu tumeuzoea, na ufadhili ukija utaupunguza. Upweke wa mkutubi hakuna mfadhili atakayeutibu. Dawa yake ni sisi kukutana, na kukutana kwenyewe kuwe na katiba, na rejista, na hesabu, na kazi inayoonekana. Nasema chama. Chama hai cha wakutubi wa shule za Eastlands, chenye watu wanaojuana kwa sura na kwa majina.

Msidhani nawaita jangwani. Wametutangulia watu. Mwaka 1956 wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliunda chama kimoja cha Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilipogawanyika, kila nchi ikabaki na chake. Cha kwetu kilizaliwa 1973, na leo warithi wake wanaitwa KALIP. Mwaka 1984 Nairobi hii ndiyo iliyowapokea wakutubi wa dunia nzima katika mkutano mkuu wa IFLA, shirikisho la vyama vya maktaba duniani. Wakutubi wa shule pekee wamekuwa na chama chao cha kimataifa tangu 1971, kilichoanzishwa Jamaika, na majirani zetu wa Uganda wamekuwa na chama cha maktaba za shule. Kwa hiyo mlango uko, na taa inawaka ndani. Lakini semeni kweli: katika mikutano hiyo mikubwa, sauti inayosikika ni ya vyuo vikuu na mashirika makubwa, na yule wa shule ya msingi ya Kayole, mwenye chumba kimoja na rafu mbili, hata barua ya mwaliko haimfikii. Mimi sisemi tujitenge tuunde chama cha kushindana na cha taifa. Nasema tuwe tawi lenye nguvu hata cha taifa kisiweze kuketi bila sisi.

Jifunzeni kwa walimu. Kabla ya 1957 mwalimu wa misheni alikuwa na masharti yake, mwalimu wa halmashauri yake, na kila mmoja alimlilia bwana wake kivyake. Mwaka huo wakaunda chama chao, KNUT. Miaka kumi baadaye, 1967, nchi ikawa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, mwajiri mmoja kwa walimu wote wa shule za umma. Miaka kumi tu! Na leo walimu wakuu wa msingi wana KEPSHA, wa sekondari wana KESSHA, hukutana Mombasa kila mwaka, na waziri wa elimu hushuka pwani kwenda kuwasikiliza. Wewe mkutubi, nani amewahi kusafiri kuja kukusikiliza? Aghalabu mwajiri wako ni bodi ya shule, na karo zikichelewa wewe ndiye wa kwanza kuambiwa usubiri. Ukiugua, chumba kinafungwa. Ukiondoka, ufunguo anapewa karani, au mlinzi, au hapewi mtu.

Na si mshahara pekee. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini 2019, unamtaka mtoto atafute habari, alinganishe, kisha aeleze kwa maneno yake. Atatafutia wapi? Kwa simu ya mama, ikiwa mama ana bando? Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na hilo ni jema, nalishukuru. Lakini kitabu cha kiada humpa mtoto jibu lililokwisha kupikwa, na maktaba humpa vitabu vitatu vinavyobishana mbele yake. Kisha ikaja 2023, Gredi ya 7 ikawekwa ndani ya shule za msingi, madarasa yakatafutwa kila pembe. Chumba kilichokuwa chepesi kuchukuliwa ni kile kisicho na mtetezi. Nimeona rafu zikihamishiwa koridoni, vitabu vikitiwa katika magunia ya sukari, na mkutubi akisimama kando amekunja mikono kwa sababu hana wa kumpigia simu.

Angekuwa na chama, angempigia katibu. Katibu angeandika barua siku hiyohiyo, barua ya heshima, yenye muhuri, yenye nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Huenda chumba kingechukuliwa hata hivyo. Lakini kingechukuliwa mbele ya mashahidi, kwa maandishi, na tarehe ya kukirudisha ingetajwa.

Nyinyi watoto wa Eastlands mna deni maalumu katika jambo hili. Mitaa yetu ilijengwa kwa ajili ya vibarua. Kaloleni, Bahati, Makongeni, Ofafa, Mbotela: mkoloni alihesabu vitanda na kilomita hadi kazini. Wakati huohuo, katikati ya mji, ilisimama Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, yenye nguzo na simba wawili mlangoni, na kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Babu zenu walipita mbele ya simba wale wakiwa wamebeba vitabu vya watu wengine. Hatimaye maktaba ile ikapata matawi huku kwetu, Kaloleni na Makadara, na matawi yale yakachakaa kwa miaka mingi. Ndipo 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wakaunda shirika la Book Bunk, wakashirikiana na kaunti, wakaanza kuyafufua. Wanawake wawili! Nendeni Kaloleni leo mkaone watoto walivyoketi. Wawili waliopatana waliweza hivyo. Sisi tulio katika kila mtaa, kuanzia Shauri Moyo hadi Komarock, tumeshindwa hata kuwa na orodha ya namba za simu zetu.

Basi tuanze. Na hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa maana vyama vingi vimezikwa katika mji huu na mimi najua jinsi vinavyokufa. Havifi kwa kukosa maono. Siku ya uzinduzi maono huwa tele, na keki huwepo, na fulana zenye nembo. Hufa kwa sababu faili la chama linakaa ndani ya mkoba wa mtu mmoja, na pesa za chama zinakaa ndani ya simu ya mtu mwingine. Mwenye mkoba akihamia Thika, historia imehama. Mwenye simu akifiwa, pesa zimeenda matangani, naye hakuwa mwizi; alikuwa mtu aliyefiwa, na chama kilimwekea mtihani ambao hakuna anayestahili kuwekewa.

Enyi mnaojua kitabu namba 1046 kiliazimwa na nani, siku gani, na kinarudi lini, mtashindwaje kujua shilingi mia mbili za mwanachama ziko wapi? Kazi hii Mungu amekwisha kutufundisha. Chama ni kuandika kilichoingia, kuandika kilichotoka, na kumfuata kwa upole aliyechelewa kurudisha. Hakuna watu katika nchi hii walioandaliwa vyema zaidi kuendesha chama kuliko wakutubi, na ni aibu kwamba akina mama wanaouza mboga kule Umoja wanaendesha chama chao cha kila wiki, kwa daftari la kurasa tisini na sita, bila senti kupotea, ilhali sisi wenye diploma hatuna.

Sheria haitaki mengi. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inatosheka na watu kumi. Kumi! Kutoka Jericho hadi Buruburu peke yake wamo. Itataka katiba, na viongozi wanaojulikana, na mkutano mkuu kila mwaka ambapo hesabu zinawekwa mezani, na taarifa kwa msajili kila mwaka. Hiyo taarifa ya mwaka ndiyo inayosahaulika, halafu siku mnatafuta ufadhili mnaambiwa chama chenu kilikwisha kufutwa. Mkutubi asisahau tarehe. Tuiandike ukutani.

Ada iwe ndogo na isiyosamehewa. Ipite kwenye akaunti ya chama yenye watia sahihi watatu, isipite kamwe kwenye simu ya mtu, hata kwa siku moja, hata akiwa mchungaji. Kila mkutano ufunguliwe kwa kusomewa taarifa ya akaunti kabla ya chai kumiminwa. Mwenyekiti akae miaka miwili, na akimaliza awamu mbili aketi pamoja na wengine, afundishe vijana. Faili ziwe nakala mbili, moja kwa katibu, nyingine katika maktaba ya mwanachama aliye katika mtaa mwingine. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe na kutumwa kabla wiki haijaisha, maana kumbukumbu inayosomwa miezi mitatu baadaye huwa ni hadithi.

Na saa ya kukutana, ndugu zangu, ni jambo la haki. Mkikutana Jumamosi asubuhi mmewafungia nje Wasabato, na Eastlands wamejaa. Mkikutana Ijumaa adhuhuri mmewafungia nje Waislamu wa Pumwani na Eastleigh, ambao dini yao ilianza kwa amri ya kusoma. Mkikutana saa moja usiku mmewafungia nje akina mama wenye watoto wachanga na kila anayeogopa kushuka stejini gizani. Jumatano saa kumi na nusu alasiri, mara mbili kwa muhula, tuzunguke kutoka maktaba hadi maktaba. Tusikodi hoteli. Mkikutana ndani ya maktaba ya mwenzenu mtaona rafu zake, atawaonyesha anavyoshona vitabu, na mwalimu mkuu wake ataona watu kumi na watano wenye heshima wakiingia langoni kumwona mtu ambaye yeye alidhani ni mtunza funguo. Ziara hiyo moja itamwinua yule dada kuliko barua kumi.

Kisha tufanye kazi. Chama kisicho na kazi huanza kuchunguzana. Kazi ya kwanza iwe masanduku. Kila shule itafute vitabu hamsini vya hadithi, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, ivitie katika sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, ibandike orodha ndani ya kifuniko. Sanduku linakaa shuleni muhula mmoja, kisha linahamia shule ya pili, na la jirani linakuja. Shule kumi zikishirikiana hivyo kwa mihula kumi, kila shule itakuwa imepitiwa na vitabu mia tano, na mfukoni mwake imetoa hamsini. Hesabu hiyo si ya miujiza. Inahitaji kitu kimoja tu, kuaminiana, na kuaminiana hakuji kwa kusifiana bali kwa rejista inayosainiwa sanduku likitoka na sanduku likiingia.

Kazi ya pili ni orodha ya pamoja, ili mtoto wa Dandora anayetafuta kitabu ambacho shule yake haina aambiwe kipo Kariobangi, au kipo katika maktaba ya taifa ya Buruburu, na aandikiwe kikaratasi cha kwenda nacho. Ya tatu ni ile ya mzee na dada niliowataja: siku moja kila muhula ya kufundishana kushona, kupiga gundi, kupanga kwa mfumo wa Dewey uliorahisishwa kwa watoto, na kusoma hadithi kwa sauti mbele ya darasa la watoto sitini bila kupoteza wa nyuma. Hayo yakisimama, ndipo tuende kwa TSC na kwa kaunti tukadai cheo kinachoeleweka cha mkutubi wa shule na kipindi cha maktaba ndani ya ratiba. Tukienda leo mikono mitupu watatuuliza, ninyi ni akina nani? Tukienda na rejista ya masanduku, watauliza tunahitaji nini.

Nasikia tayari kuna wanaosema chama kiwe cha wenye vyeti tu, ili taaluma isishuke. Wapendwa, ninalipinga hilo kwa moyo wangu wote. Katika shule za mabati za Mathare, Mukuru na Korogocho kuna vijana waliomaliza kidato cha nne, hawajawahi kuliona darasa la ukutubi, na ndio wanaowasomea watoto vitabu pekee ambavyo watoto hao watavigusa utotoni. Tukiwafungia mlango tutakuwa tumewafungia watoto. Wenye vyeti wawe na daraja lao katika katiba, sawa, na mitihani yao iheshimiwe. Lakini kijana wa Korogocho aingie, apewe namba ya uanachama, apige kura, afundishwe, na katika miaka michache awe na cheti chake mwenyewe kwa sababu tulimshika mkono. Wale kumi na watatu waliosimama na Ezra, mwandishi wa kitabu kile hakutuambia walisoma wapi. Alituambia walisimama.

Wengine mnaogopa. Mnasema mwalimu mkuu atakuona mkorofi. Katiba ya nchi, kifungu cha 36, inakupa haki ya kujiunga na chama, na chama cha wataalamu si mgomo. Mwambie mapema, mpe nakala ya katiba yetu, mwalike aje afungue mkutano wa kwanza utakaofanyika shuleni kwake. Walimu wakuu wengi ninaowafahamu wangefurahi mno kusikia kuna mtu anayetaka kuwatatulia shida ya maktaba bila kuwaomba pesa. Na yule atakayekataa, mheshimu, na uje.

Wengine mnasema hamna muda. Nakubali, hamna. Mwalimu anayefundisha mchana kutwa, akasahihisha usiku, akabeba maktaba juu ya hayo, hana muda. Ndiyo maana nasema mara mbili kwa muhula, saa moja na nusu, na kazi igawanywe ili hakuna anayebeba zaidi ya kazi moja. Kinachokumaliza sasa ni kufanya yote peke yako. Orodha unayoiandika wewe usiku huu ya vitabu vya Gredi ya 4, mwenzako wa Donholm aliimaliza mwaka jana, iko kwenye droo yake.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla muhula haujafungwa, kila anayesoma haya amtafute mkutubi mmoja wa shule ya jirani, aende kwa miguu, abishe hodi. Mkiwa wawili, tafuteni wa tatu katika mtaa ulio ng'ambo ya barabara. Mkifika kumi, itisheni mkutano Jumatano saa kumi na nusu, ndani ya maktaba iliyo ndogo kuliko zote kumi. Kila mtu aje na nakala ya kitambulisho, rejista yake ya vitabu, kalamu na shilingi mia mbili. Siku hiyo chagueni katibu kabla ya mwenyekiti, someni rasimu ya katiba kifungu kwa kifungu mpaka kila mmoja ameielewa, andikeni majina yote kumi kwa wino, na msiondoke kabla hamjakubaliana sanduku la kwanza linaanzia shule gani.